Mavazi ya Mapadre na Watawa wa Kikatoliki (Pwani ya Malindi)

Libasi za kidini zivaliwazo na makasisi, mabruda na masista wa Jimbo la Malindi. Makasisi walifika pwani hii tangu zamani: mwaka 1542 padre Mjesuiti Francis Xavier, akiwa safarini kwenda Goa, India, alishuka Malindi akamzika mtu aliyefia chomboni. Na mwaka 1597 watawa Waagustino, wenye joho jeusi na mshipi wa ngozi, walifungua nyumba yao Mombasa. Jimbo lenyewe liliundwa mwaka 2000, nao maaskofu wake wawili wa mwanzo, Francis Baldacchino na Emanuel Barbara, wote wazaliwa wa Malta, walikuwa Wakapuchini.

Wakapuchini, tawi la Wafransisko lililozuka Italia karne ya 16, huvaa joho la kahawia lililoshonewa kofia ndefu shingoni, na viatu vya kanda miguuni. Kiunoni hujifunga kamba nyeupe yenye mafundo matatu, ambayo ni alama ya nadhiri za ufukara, useja na utii. Padre wa jimbo, asiye na shirika, huvaa kanzu nyeusi au, kwa sababu ya hari ya pwani, nyeupe, nayo hufungwa vifungo toka shingoni hadi chini, tofauti na kanzu ya Waislamu ivaliwayo kwa kupitishwa kichwani. Askofu huongeza mshipi wa zambarau, msalaba wa kifuani na pete. Katika Misa padre huvaa alba (kanzu nyeupe ndefu), stola (ukanda wa shingoni) na kasula (vazi la juu), ambayo rangi yake hufuata majira ya Kanisa: zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe wakati wa Pasaka, nyekundu siku za mashahidi, na kijani katika siku za kawaida.