Fleti ni yako, ardhi ni ya nani?

Ukinunua shamba Naitiri, huko Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, njia inajulikana. Mnakwenda kwa bodi ya ardhi kupata idhini, mpimaji anaweka mipaka, kisha hati inatoka kwa jina lako. Shamba lako, mahindi yako. Lakini kijana wa Naitiri aliyepata kazi Mombasa akanunua fleti ghorofa ya 4 Nyali, amenunua nini hasa? Chini yake wako watu, juu yake wako watu, na ngazi ni ya wote.

Kwetu Pwani swali hili si geni. Mitaa kama Majengo tumezoea nyumba bila ardhi: mwenye nyumba huyu, mwenye kiwanja yule, na kodi ya kiwanja kila mwezi. Kiwanja kikiuzwa ndipo mtu hugundua kuwa alichonacho ni kuta na mabati. Fleti nyingi za zamani ziliuzwa kwa mtindo usio mbali na huo. Mnunuzi alipewa mkataba wa upangaji wa miaka mingi na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Hati mama ilikaa kwa mjenzi mpaka aihamishie kampuni, na wapo ambao hawakuihamisha.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, nambari 21 ya 2020, ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kufuta ile ya 1987. Sasa ramani ya jengo husajiliwa, hati mama hufungwa, na kila fleti hupata hati yake pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja, yaani ngazi, paa, ua. Ikiwa ardhi ni ya kukodi, miaka iliyobaki isipungue 21. Sheria ya zamani ilitaka 45.

Mikataba ya zamani ilipewa miaka 2 igeuzwe. Mjenzi akikataa kutoa hati mama, au haonekani, wenye fleti wanaweza kuomba wenyewe. Msajili ana uwezo wa kuendelea bila hati hiyo, na kuweka kizuizi ili isiuzwe wala kuwekwa rehani. Wengi hawalijui hili, wamekaa wanamngoja mjenzi.

Ramani ikishasajiliwa, shirika la wenye fleti limezaliwa. Huombi kujiunga, umo tayari, kwa kuwa na fleti tu. Shirika ndilo hukatia jengo bima na kutunza mali ya pamoja. Michango hufuata kipimo cha kila fleti, na kura vilevile. Hapo ndipo panapowaka moto: wa chini hataki kulipia lifti asiyoipanda, mwingine yuko Muscat na simu hashiki. Shirika linaweza kumdai kama deni lolote lile. Ugomvi huanzia kwa kamati ya ndani ya usuluhishi. Asiyeridhika huenda mahakamani.

Basi kabla ya kutoa pesa, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi uone kama hati mama iko rehani benki. Liombe shirika cheti cha michango inayodaiwa fleti hiyo. Muuzaji akikwambia "hati inakuja", pesa na zikae kwa wakili mpaka ije.