Kengele za Cordoba



Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Qurani, wala si mara moja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Hayo si matembezi ya kupunga upepo. Ni matembezi ya kutazama na kuzingatia. Basi leo nataka nikupeleke katika mji mmoja wa Ulaya, ulioko kusini ya Hispania, uitwao Cordoba. Waislamu waliuita Qurtuba, na nchi yao huko wakaiita Andalus.

Ukijaaliwa kufika, ningependa uutembee mji huo peke yako. Bwana Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha na safari ya usiku ya mtu mmoja, na nasaha yake ndiyo tuifuatayo, njiani basi usikose mwenzi. Lakini ukishafika, na jua limetoka, muage mwenzako uende zako. Watu wakienda kundi hupiga picha, wakacheka, kisha wakatafuta chakula. Aliye peke yake hana wa kuzungumza naye ila mawe na watu waliokwisha kufa.

Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka kwao Tangier peke yake mwaka 1325. Miaka mingi baadaye alivuka bahari akauona mji wa Granada. Cordoba ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Waislamu zaidi ya miaka 100. Kwa hivyo wewe utaingia mlango ambao kwa msafiri yule ulikuwa umefungwa.

Anzia darajani. Mto unaopita hapo Wahispania wanauita Guadalquivir, na ukilisikiliza jina hilo vizuri utasikia Kiarabu ndani yake: Al-Wadi al-Kabir, bonde kubwa. Daraja lina matao 16 na asili yake ni ya Warumi. Waislamu walilikuta limeharibika, na katika zama za Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, liwali wake Samh bin Malik akalitengeneza watu wapite. Tia jambo hilo moyoni. Kazi ya mwanzo tunayoiona ya Waislamu katika mji huu ni njia ya kila mtu, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

Ukivuka utakabiliana na Msikiti Mkuu. Aliyeuanza ni Abdul-Rahman wa kwanza, kijana wa ukoo wa Bani Umayya aliyeponea chupuchupu jamaa zake walipouawa mwaka 750. Alikimbia kutoka Sham mpaka Maghribi, akaingia Andalus mwaka 755, na mwaka wa pili yake akaishika Cordoba. Msikiti ulianzwa kujengwa kiasi ya mwaka 785, na yeye akafariki mwaka 788.

Pita behewa la michungwa, uingie ndani. Utaona msitu wa nguzo, na zilizobaki ni zaidi ya 850. Nyingi za zile za mwanzo zilitolewa katika majengo ya kale ya Warumi na ya wafalme waliowafuata. Hazikuwa ndefu za kutosha, na mafundi walifanya hila ya kupandisha tao juu ya tao ili paa liinuke. Matao hayo yamejengwa kwa jiwe jeupe na matofali mekundu, moja hili na moja hili. Umasikini wa nguzo fupi ndio uliozaa uzuri ambao watu wanaufuata mpaka leo kutoka pembe zote za dunia.

Endelea mbele mpaka kwenye mihrabu. Hiyo ni kazi ya Khalifa Al-Hakam wa pili, aliyeupanua msikiti baina ya mwaka 962 na 966. Imepambwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na dhahabu, na waandishi wa taarikhi wanasimulia kuwa Al-Hakam alimwomba mfalme wa Kirumi wa Constantinople amletee fundi na vipande hivyo, na fundi yule akawafundisha wenyeji. Hakuona aibu kujifunza kwa mtu wa dini nyingine. Mtu huyo ndiye aliyekuwa na maktaba ambayo wanahistoria wa kale waliikisia kuwa na vitabu 400,000. Hata kama walizidisha, hapana shaka kuwa maktaba kama hiyo ilikuwa adimu katika Ulaya ya siku zile. Katika mji huo aliishi Al-Zahrawi, tabibu ambaye kitabu chake cha upasuaji kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Na katika mji huo huo, mwaka 1126, alizaliwa Ibn Rushd.

Mpaka hapo, msomaji, moyo wako utakuwa umejaa fahari. Wengi wetu husimama hapo hapo, tukarudi nyumbani kuwahadithia watoto kuwa tulikuwa watu wakubwa, kisha maadui wakatunyang'anya. Mimi nakuomba uende hatua chache zaidi, ugeuke mkono wa kushoto, upande wa mashariki.

Sehemu hiyo iliongezwa mwaka 987 na Al-Mansur. Huyu hakuwa khalifa. Al-Hakam alipokufa mwaka 976 alimwacha mwanawe Hisham akiwa mtoto mdogo, na Al-Mansur, aliyekuwa mtumishi wa dola, akaushika utawala wote akamwacha mtoto yule na jina tu. Alikuwa hodari wa vita na alizishinda dola za Kikristo mara nyingi. Sehemu yake ndiyo kubwa kuliko zote walizoongeza waliomtangulia. Lakini yainamie karibu matao yake uyatazame. Wekundu ule si wa matofali. Ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Na kwa kuwa kusini kuna mto, yeye aliongeza upande mmoja tu, na mihrabu ya Al-Hakam ikawa haiko tena katikati ya msikiti. Msikiti ulizidi ukubwa, mihrabu ikabaki kando.

Hapo ndipo mahali pa kengele nilizozitaja. Mwaka 997 Al-Mansur aliushambulia mji wa Santiago, kaskazini ya mbali, mji mtukufu kwa Wakristo. Akaliharibu kanisa lake, na inasimuliwa kuwa alizichukua kengele zake, wakabebeshwa mateka wa Kikristo mabegani mpaka Cordoba, na huko zikageuzwa kuwa taa za msikiti. Bila shaka wako waliofurahi usiku ule taa zile zilipowashwa.

Al-Mansur alikufa mwaka 1002. Mwanawe mmoja alijaribu kujipatia na ukhalifa wenyewe, na mwaka 1009 watu wa Cordoba wakaasi. Wakagawanyika: Waarabu, Waberberi, watumwa wa dola, kila kundi na khalifa wake. Waislamu waliuzingira mji wa Waislamu mpaka mwaka 1013. Vitabu vya Al-Hakam, ambavyo Al-Mansur alikwisha kuchoma sehemu yake ili awaridhishe baadhi ya wanavyuoni, vilivyobaki vikauzwa na kuibwa. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa hapo mwaka 994, alihama, na nyumba za kwao zikawa magofu. Mwaka 1031 ukhalifa ulifutwa, na Andalus ikakatika vipande, kila liwali na dola yake ndogo, wengine wakitoa kodi kwa wafalme wa Kikristo ili wapigane na ndugu zao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Angalia miaka hiyo kwa makini. Cordoba ilitekwa na mfalme Ferdinand wa tatu mwaka 1236. Lakini mji ulikuwa umekwisha kuvunjika zaidi ya miaka 200 kabla yake, na waliouvunja walikuwa wakielekea kibla kimoja. Aliyekuja nyuma aliingia mlango uliokwisha kuachwa wazi.

Na unajua Ferdinand alifanya nini? Inasimuliwa kuwa alizitafuta kengele zile, akawabebesha mateka wa Kiislamu mabegani, wakazirudisha Santiago. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mabega yalibadilika, mzigo ulikuwa ule ule. Ukimlilia mateka wa mwaka 1236, uadilifu wa Kiislamu unakutaka umkumbuke na yule wa mwaka 997, kwani dhulma ni dhulma hata ikitendwa na mkono wetu.

Katikati ya msikiti utakuta kanisa kubwa limesimamishwa ndani ya nguzo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1523 kwa idhini ya mfalme Charles, na ulikwisha mwaka 1607. Usije ukadhani Wakristo wote waliridhia. Baraza la mji lilipinga, hata likatoa amri ya kifo kwa atakayeshiriki kubomoa. Waliolitetea jengo la Waislamu siku ile walikuwa Wakristo wa Cordoba. Na hilo pia ni haki kulitaja. Siku hizi jengo zima ni kanisa, na sala ya Kiislamu hairuhusiwi humo; ukitaka kusujudu, mlinzi atakuzuia. Usigombane naye. Katika bustani ya Colón, kaskazini ya mji wa kale, kuna msikiti mdogo. Kasali huko.

Kabla hujaondoka, nenda magharibi kiasi cha kilomita 8, penye magofu ya Madinat al-Zahra. Khalifa Abdul-Rahman wa tatu alianza kuujenga mji huo wa kifalme mwaka 936, na fitina ile ikauharibu kabla haujatimiza miaka 80. Sehemu yake kubwa mpaka sasa iko chini ya udongo. Inasimuliwa kuwa alipokuwa akiujenga, khalifa alishughulika mpaka akakosa Ijumaa. Kadhi Mundhir bin Said akapanda mimbari akamkemea mbele ya watu. Mara nyingine alimkuta amefunika paa kwa dhahabu na fedha, akamsomea zile aya za Sura Zukhruf zinazotaja mapaa ya fedha. Khalifa akalia, akaamrisha mapambo yaondolewe. Na mwanawe alipomshauri amuuzulu kadhi yule, alimkatalia.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo siri ya Cordoba ninayotaka uirudishe nyumbani. Siku za utukufu wake zilikuwa siku ambazo kadhi aliweza kumwambia khalifa "umekosa" akabaki na kazi yake. Sisi wa pwani tuna misikiti, vyuo na kamati, na tuna ugomvi wetu: huyu na mwezi wake, yule na ukoo wake, wawili wanagombea ufunguo wa msikiti mmoja. Jiulize nani nyumbani mwako, au katika kamati yako, anayeweza kukwambia ukweli usimchukie. Ukimpata, mtunze. Ukiwa humpati, basi anza kuogopa, hata kama msikiti wako unapanuliwa kila mwaka.

Mola atujaalie kuzingatia kabla hatujawa sisi mazingatio ya wengine. Amin.