Siku ya Mgonjwa: Afya ya Wafanyakazi katika Mashamba ya Mkonge ya Tanga

Ni rahisi kudhani kwamba afya ya wafanyakazi ilianza kushughulikiwa nchini Tanzania kwa sheria za karne hii, yaani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Hata hivyo, mashamba ya mkonge yaliyotanda kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe na Mombo yalikuwa na hospitali, mgao wa chakula na ukaguzi wa kiafya miaka mingi kabla ya uhuru. Huduma hizo zilikuwapo, na kuzikana ni kuipotosha historia. Lakini kuwapo kwake hakuthibitishi kwamba mfanyakazi alitunzwa, kwa kuwa hata ng'ombe wa kukokota jembe hulishwa na kutibiwa. Kipimo kilicho bora zaidi ni kuuliza: mtu alipougua, hasara ya siku ile ilibebwa na nani? Kwa muda mrefu hasara hiyo ilibebwa na mgonjwa mwenyewe, na mabadiliko yote yenye maana katika historia hii ni hatua za kumwondolea mzigo huo.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga, na kadiri reli ilivyosonga mbele, ikifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ndivyo mashamba yalivyofunguliwa kandokando yake. Maumbile ya mmea wenyewe yaliamua aina ya kazi itakayofanywa: singa, yaani nyuzi zinazotakiwa sokoni, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo tani moja ya singa huhitaji tani 25 hivi za majani, nayo majani hayo huvunwa mwaka mzima pasipo msimu wa mapumziko. Mashamba yalihitaji basi watu wengi, wenye nguvu, kila siku, ilhali Wasambaa, Wabondei na Wazigua walioishi jirani walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha kwa ujira mdogo.

Serikali ya Kijerumani ililijibu tatizo hilo kwa kadi. Katika Usambara, kuanzia mwaka 1907 hivi, kila mwanamume mzima alitakiwa kubeba kadi inayoonyesha kwamba amemfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyeitimiza aliweza kupelekwa kwenye kazi za lazima za umma. Kanuni za ajira za mwaka 1909 ziliweka masharti kuhusu uandikishaji na mikataba, na kuwataka waajiri watoe malazi na matibabu. Lakini kiboko kiliendelea kuwa sehemu ya utawala wa shamba, na sharti la matibabu halikuwa na uzito mkubwa mahali ambapo mlalamikaji angeweza kurudishwa kwa bwana yuleyule aliyemlalamikia.

Vita Kuu ya Kwanza ilitoa funzo la kutisha ambalo maofisa wa Kiingereza hawakuweza kulisahau. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi, wale ambao kambi yao mjini Dar es Salaam imeacha jina la Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi zaidi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi. Unga usiosagwa vizuri, chakula kigeni kwa matumbo ya waliotoka maeneo ya ndizi au maziwa, baridi bila blanketi na safari ndefu bila mapumziko vilitosha kuwaangamiza vijana wenye afya. Ilidhihirika kwamba nguvu kazi ya Mwafrika ingeweza kumalizika, na hofu hiyo ya kuishiwa watu, zaidi ya huruma, ndiyo iliyosukuma sehemu kubwa ya hatua zilizofuata.

Mwaka 1926, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, iliundwa Idara ya Kazi, na Granville Orde-Browne akawa mkuu wake wa kwanza. Wakati huo wafanyakazi wengi wa Tanga walikuwa wakitoka mbali: Waha na Wanyamwezi kutoka magharibi, Wabena na Wangoni kutoka kusini, wengine kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake, na wengi wao walisafiri kwa miguu kwa majuma kadhaa kabla ya kuliona jani la kwanza la mkonge. Ugonjwa uliwakuta njiani. Vibanda vya kulala wasafiri vilijaa papasi, wadudu waenezao homa ya vipindi inayojulikana kwa jina lao, na mtu aliyefika shambani akiwa amedhoofika hivyo alipangiwa kazi nzito ya kukata majani. Idara ilijenga kambi kwenye njia kuu za wasafiri hao, ambako walipata malazi, chakula na dawa, na wagonjwa walizuiwa wasiendelee na safari. Kazi hiyo inastahili sifa, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kukiri kwamba afya ya mfanyakazi huanza kabla ya geti la shamba. Mdororo wa uchumi ulipofika, hata hivyo, idara nzima ilivunjwa mwaka 1931 ili kubana matumizi, na haikurejeshwa hadi muongo huo ulipokuwa ukielekea mwisho.

Chombo kilichotawala maisha ya shambani kuliko idara yoyote kilikuwa kipande. Hapa msomaji wa Kenya hana budi kuonywa, maana kwake kipande kilikuwa hati ya kitambulisho iliyoning'inizwa shingoni. Katika mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kwa kawaida zilipaswa kukamilishwa katika muda wa siku 42. Kila siku mfanyakazi alipewa kiasi cha kazi, na alipokimaliza kadi yake ilitiwa alama. Asipokimaliza, alama haikutiwa, hata kama alikuwa juani tangu alfajiri. Mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Mfumo huu unaonekana kuwa na uhuru ndani yake, kwani siku 12 za ziada zingeweza kutumika kwa mapumziko, shamba dogo la chakula au kumtembelea ndugu, na kwa kweli wafanyakazi wengi waliutumia kwa busara. Lakini siku hizo ndizo zilizokuwa bima pekee ya mgonjwa. Homa ya juma moja ilikula zaidi ya nusu yake. Homa ya majuma matatu, au jeraha la mguu lililokataa kupona, ilimwacha mtu na kadi isiyojaa na deni katika duka la shamba. Ugonjwa haukuwa na safu katika kadi. Kwa hiyo mtu alikwenda kazini akitetemeka kwa homa, na nyapara, yaani msimamizi wa kikosi, hakuwa na sababu ya kumrudisha kambini mradi mizigo ya majani imefungwa na kuhesabiwa.

Na kazi yenyewe iliudhuru mwili kila hatua. Jani la mkonge lina mwiba mkali kwenye ncha, ambao kwa kuteleza kidogo tu huweza kuchoma jicho, na maji yake huwasha na kubabua ngozi ya mikono na miguu isiyokingwa. Kwenye korona, mashine ya kuponda majani na kutenga singa, vidole na mikono vilikuwa hatarini mbele ya ngoma zilizozunguka kwa kasi, huku miguu ikikaa katika majimaji machafu. Baada ya singa kuanikwa na kukauka zilipelekwa kwenye brashi, yaani mashine ya kuzipiga na kuzilainisha, na huko hatari ilikuwa ya kimyakimya zaidi, kwa sababu vumbi jembamba lilijaa chumba na kuingia mapafuni, likileta kikohozi na kubanwa kifua. Mkono uliokatika ulionekana na kila mtu na kuandikwa. Kifua kilichoharibika polepole kilirudi nyumbani na mwenye nacho mkataba ulipokwisha, kikawa shida ya mke na wazazi wa Kasulu au Songea, wala hakikuingia katika hesabu za shamba lolote.

Dhidi ya hayo mashamba yaliweka hospitali au zahanati zao, ambazo mara nyingi zilikuwa mikononi mwa dresa, mhudumu aliyefunzwa kufunga vidonda na kugawa dawa, huku daktari akipita kwa zamu. Manamba walipewa posho, yaani mgao wa chakula wa unga wa mahindi, maharage na chumvi, pamoja na blanketi. Kambi zilikuwa mabanda marefu ya wanaume watupu, na pale zilipokosa vyoo vya kutosha ziliwaambukiza watu upya safura, minyoo inayonyonya damu na kumwacha mtu hana nguvu, kwa kasi kuliko zahanati ilivyoweza kuwatibu. Inafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1930 mkonge ulifunguliwa kituo chake cha utafiti huko Mlingano, ambako udongo, magonjwa na uzazi wa mmea vilichunguzwa kwa makini ya hali ya juu. Mapafu ya watu wa brashi hayakupata kituo cha namna hiyo.

Vita Kuu ya Pili ilipandisha thamani ya mkonge ghafla, kwa sababu Wajapani waliziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia vilivyokuwa vikizalisha nyuzi, na watu wa Tanganyika wakalazimishwa kisheria kufanya kazi mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyowasafirisha manamba kwa magari na treni na kuwapima kabla ya kuondoka. Vifo na mateso ya safari za miguu vilipungua, na hilo ni jambo la kuandikwa kwa wino uleule unaoandika lawama. Hata hivyo upimaji ule ulikuwa wa kuchagua na si wa kulinda: aliyeonekana dhaifu aliachwa kijijini, na mwenye nguvu alichukuliwa bila mtu kupanga atakaporudi atakuwa katika hali gani.

Sheria zilizofuata vita, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini na ile ya viwanda ya mwaka 1950, zilianza kuweka bei juu ya mkono uliokatwa na kudai mashine zifunikwe. Hata hivyo, nguvu ya kuzisimamia haikutoka ofisini pekee. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake, na chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilichoongozwa na Victor Mkello kikaingia kambini kudai mishahara, heshima na haki ya kusemewa na watu waliowachagua wenyewe. Mgomo wa Mazinde wa mwishoni mwa mwaka 1958 ulihusu utambuzi wa chama hicho, na ingawa haukuwa mgomo wa dawa wala vyoo, una nafasi yake katika historia ya afya, kwa kuwa mfanyakazi asiye na msemaji hawezi kukataa kuingia kwenye chumba cha vumbi.

Baada ya uhuru uandikishaji wa manamba ulikoma na familia zikakaa mahali pa mabanda ya wanaume watupu. Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, na mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Bahati mbaya ni kwamba bei ya mkonge ilikuwa tayari inaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na shirika la umma lililorithi hospitali za mashamba lilirithi pia upungufu wa fedha za kuziendesha.

Jibu la kisheria kwa swali la siku ya mgonjwa lilikamilika kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulikuwa umeanzishwa mwaka 2001, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Magonjwa yatokanayo na kazi, hata yale yanayojificha kifuani, sasa yana pa kudaiwa. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi kazini.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mtu awe amefikisha miezi sita ya utumishi ndipo apate likizo zenye malipo, isipokuwa kwa wafanyakazi wa msimu na wale ambao vipindi vyao kwa mwajiri mmoja vikijumlishwa ndani ya mwaka vinavuka miezi hiyo. Kibarua anayezunguka kutoka mwajiri hadi mwajiri, akilipwa kwa kiasi alichokata, alichobeba au alichopakia, bado hana siku ya ugonjwa inayohesabiwa na yeyote, kama mwenye kipande asivyokuwa nayo. Wanaoandaa sera za afya kazini, pamoja na waajiri wanaofungua zahanati na kuandaa siku za michezo na upimaji, wanapaswa kuanzia kwake: wahakikishe kwamba anapolala na homa, siku yake inalipwa.