PACHA ALIYEGOMA KURUDI NYUMBANI: STORI YA FIGO ILIYOBADILI HISTORIA

Kabla ya pacha huyu alikuwepo mama. Desemba 1952, Ufaransa, kijana wa miaka 16 alianguka kazini, figo ikaharibika, madaktari wakaitoa. Kumbe alizaliwa na figo hiyo hiyo moja! Mama yake akasema chukueni ya kwangu. Ikafanya kazi kama wiki tatu hivi, mwili wa kijana ukaikataa, akafariki. Upendo ulikuwepo, ila kinga ya mwili haijui huyu ni mama.

Miaka miwili mbele, Boston, Marekani, jamaa wa miaka 23 yuko hoi, figo zote zimegoma. Bahati yake ana pacha wa kufanana. Madaktari wakachukua kipande cha ngozi ya mmoja wakakipandikiza kwa mwenzake. Kiliposhika vizuri, wakajua hata figo itapokelewa.

Ikabaki ishu nzito: ni sawa kumpasua mtu mwenye afya yake, asiyeumwa chochote? Madaktari waliuliza hadi viongozi wa dini. Na usiku wa kuamkia operesheni, mgonjwa mwenyewe alimtumia pacha wake kikaratasi: ondoka, rudi nyumbani. Jamaa akajibu kwamba yupo na haendi popote.

Desemba 23, 1954 wakapasuliwa wote wawili. Figo ikaanza kutoa mkojo palepale! Mgonjwa akapona, akamuoa nesi wa hospitali hiyo, wakapata mabinti wawili, akaishi miaka 8 zaidi. Aliyetoa akawa mwalimu wa hesabu na akaishi na figo moja hadi 2010, akiwa na miaka 79. Daktari aliyeongoza operesheni akabeba Nobel mwaka 1990.

Baadaye zikaja dawa za kutuliza kinga, hata wasio mapacha wakaweza kupeana. Kwa Tanzania, wagonjwa walikuwa wakipelekwa India, hadi Novemba 2017 Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza.

Ila lile swali la Boston halijazeeka. Ndugu akiumwa, familia nzima inakuangalia wewe, na kusema hapana inaonekana roho mbaya. Yule pacha alifunguliwa mlango wa kutoka, akabaki kwa hiari yake. Je, familia zetu zinampa mtu nafasi hiyo?

Wewe ungempa nani figo yako? Tupia maoni hapo chini.