Kituo Kabla ya Kisu: Hoja ya Kupunguza Mwendo Kazini

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane katika nchi nane zilijaribu utaratibu mmoja mpya ndani ya vyumba vyao vya upasuaji. Mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi na Amman. Hapakuletwa mashine wala dawa mpya. Kilicholetwa ni karatasi yenye vipengele 19, iliyoandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na jopo lililoongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande. Karatasi hiyo iliitaka timu nzima isimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi yake haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani.

Katika kituo cha kwanza, timu huthibitisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa upasuaji gani na upande upi wa mwili, na kama kuna dawa inayomdhuru. Katika cha pili, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, daktari hueleza hatari anazozitarajia, na huulizwa kama antibayotiki ilitolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Katika cha tatu huhesabiwa vifaa, vitambaa na sindano, ili kisibaki kitu tumboni mwa mtu. Matokeo yalichapishwa Januari 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Takwimu hizo zinagusa mjadala mpana kuliko wa tiba. Katika maisha ya leo, mtu anayesimama huonekana anapoteza muda, na anayekimbia huonekana anafanya kazi. Makala haya yanashikilia kwamba kusimama kwa makusudi ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwamba jukumu la kuvitengeneza vituo hivyo ni la taasisi kwanza, kabla ya kuwa la mtu binafsi.

Ushahidi wa upande wa pili haupaswi kufichwa. Mwaka 2014, jarida lilelile lilichapisha utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hiyo ilikuwa imefanywa kuwa lazima. Vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Wataalamu wamebishana juu ya sababu, lakini sababu moja ina uzito: karatasi inaweza kujazwa bila mtu yeyote kusimama. Muuguzi akiweka alama za vyema huku daktari ameshashika kisu, hospitali imetimiza agizo na haijapata faida yake. Kinachookoa ni watu kuacha walichokuwa wakifanya, wakatazamana na kusemezana.

Haraka ina athari nyingine isiyoonekana kwenye takwimu za hospitali, nayo ni kupunguza uwezo wa mtu kumwona mwenzake. Mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa theolojia wa Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda jengo jingine kutoa mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria mwema. Njiani alikuwepo mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba muda upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, waliosimama walikuwa asilimia 10 tu. Kuwa na kisa cha Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wanafunzi hao hawakuwa na roho mbaya. Ratiba iliamua kwa niaba yao. Mwalimu mwenye darasa lililofurika au karani mwenye foleni inayofika barabarani yumo katika hali hiyohiyo kila siku, na kumhubiria upole bila kumpunguzia msongamano ni kumwonea.

Mwili nao una saa yake, wala haubembelezeki. Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro huwahimiza wageni waende "pole pole" tangu siku ya kwanza, wakati njia bado ni ya msituni na miguu ina nguvu tele. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mkandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mwili hujirekebisha, lakini kwa zamu. Kupumua huongezeka ndani ya saa chache, figo huchukua siku kadhaa kusawazisha kemia ya damu, na chembe nyekundu mpya huhitaji wiki. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mpandaji akishavuka mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwenye njia ya Marangu, vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo vimepishana kimo kwa takriban mita 1,000 kila kimoja. Ndiyo maana wenye uzoefu hushauri siku ya ziada Horombo. Siku hiyo ina gharama ya ada, chakula na wapagazi, na anayeikwepa ili kuokoa fedha hujiweka karibu na kichefuchefu, maji mapafuni au uvimbe wa ubongo. Nguvu za misuli hazimsaidii, kwa kuwa figo za kijana shupavu haziharakishwi kwa mazoezi.

Ofisini na viwandani gharama ya haraka kama hiyo huchelewa kuonekana. Mwaka 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya wanaofikisha saa 55 au zaidi kupata kiharusi ilikuwa juu kwa takriban asilimia 35.

Wapo watakaopinga, na hoja zao ni nzito. Dereva wa bodaboda hulipwa kwa safari. Mama lishe asipowahi sokoni alfajiri hana cha kupika. Kwao, wito wa kupunguza mwendo unaweza kusikika kama anasa ya wenye mishahara. Tena Afrika Mashariki inaujua vizuri uchungu wa kuambiwa "njoo kesho" katika ofisi ya umma, na wahenga walishaonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Na hospitalini, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji mikono ya haraka.

Hoja hizo zinaimarisha msimamo wa makala haya. Faili lililolala mezani kwa miezi halijatuliziwa fikra na mtu yeyote, limetelekezwa. Na timu inayomwokoa mama huyo kwa dakika chache ni ile iliyokwisha kutulia kabla, ikajua damu ya kumwongezea iko wapi na nani anafanya nini. Kuhusu bodaboda na mama lishe, tatizo lao linathibitisha kwamba muda wa kupumua hugawanywa kama mali nyingine yoyote, na usipolindwa kwa kanuni huishia mikononi mwa wachache.

Kwa walioajiriwa, kanuni zipo lakini zina matundu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Ilitungwa kabla ya makundi ya kazi kwenye WhatsApp, ambako agizo la saa nne usiku humfikia mtu akiwa kitandani. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Nchini Kenya, mswada wa mwaka 2022 ulibeba wazo kama hilo, na waajiri wakaupinga. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi kujadili mikataba ya hali bora, muda wa kutopokea ujumbe wa kazi unastahili kuwa kipengele chake, sambamba na mshahara na likizo. Mwajiri anayetaka kujua kama muda huo unamlipa ana vipimo tayari: makosa yanayorudiwa, siku za ugonjwa, na wafanyakazi wazoefu wanaoacha kazi.