Mbeyu, nembo ya ukoo kwa Wagogo

Familia za Ireland hutambulisha asili yao kwa ngao iliyochorwa wanyama na rangi. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hutumia mbeyu, yaani ukoo unaofuata upande wa baba.

Kila mbeyu ina jina, simulizi ya ilikotoka na muzilo, yaani mwiko wake. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alionyesha kuwa koo nyingi hutaja asili ya nje ya Ugogo, ikiwamo Uhehe. Ukoo wa mtemi ulitunza mawe ya mvua, alama ya mamlaka yake.

Katika vyeti vya leo huandikwa jina la baba na la babu, mbeyu haimo. Wazee wasipoulizwa, kumbukumbu hiyo itazikwa pamoja nao.