Historia ya Kuku Katika Kikaango

Msomaji, ukiambiwa kwamba leo tutasoma historia, huenda ukangojea vita, wafalme na mikataba. Mambo hayo yana mahali pake. Lakini iko historia nyingine isiyopigiwa ngoma, nayo hukaa jikoni kati ya vyungu na masufuria, na mara nyingi hutueleza habari ambazo wafalme hawakujali kuziandika: nani alifuga, nani alipika, na nani alikula. Nakualika uitazame historia hiyo katika chakula kimoja tu, yaani kuku aliyepakwa unga akakaangwa hata gamba lake likawa kavu, likavunjika kwa mlio katika meno. Vijana wa Bungoma na Kitale wampenda sana kuku huyu, na wengi wao hudhani kwamba alizaliwa juzi katika maduka ya Nairobi.

Kuku si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni ndege wa mwituni wa kusini-mashariki mwa Asia, na alifika katika bara letu kwa njia zaidi ya moja. Katika Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya kuku iliyokaa ardhini kwa zaidi ya miaka 2,500. Kwetu pwani, katika mji wa kale wa Unguja Ukuu, kuku walikuwa wakiliwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mkono kwa mkono, soko kwa soko, ndege huyu alifika hata chini ya mlima Elgon, na watu wa huko wakampenda kiasi cha kumfanya kipimo cha heshima. Miongoni mwa Waluhya, na Wabukusu wa Bungoma wamo, mgeni asiyechinjiwa kuku hawezi kusema kwamba amekaribishwa. Na kuku akishaiva, firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Mtoto aliyethubutu kuidokoa chunguni alikuwa ameiba ukubwa wa baba yake, wala si nyama tu.

Sasa sikiliza jambo lililo gumu zaidi. Aliyemfuga kuku alikuwa mwanamke. Ndiye aliyemtupia mtama asubuhi, akamfungia jioni, akapigana na mwewe na nguchiro kwa ajili ya vifaranga. Ndiye aliyemnyonyoa na kumpika. Lakini kwa mila za siku hizo mwanamke hakumla kuku, wala yai lake. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na aghalabu zilitajwa na walaji. Desturi hiyo ilianza kulegea wakati wa misheni na shule. Wamisheni wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na wengine wakafuata mahali pengine, na wasichana waliojifunza kusoma walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonja nyama waliyokatazwa. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Kumla kuku mbele ya watu, kwa msichana wa siku zile, kulitaka ushujaa ambao sisi hatukuombwa kuwa nao.

Bibi yangu, ambaye kwa Kibukusu twamwita kukhu (jina ambalo wenzangu wa pwani chuoni walilicheka, wakidhani nimemtaja kuku), alikulia katika desturi hiyo. Anaishi karibu na Kitale, katika shamba ambalo jamaa zetu walipata wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa, katika mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962. Amefuga kuku maisha yake yote. Hakuna anayemkataza kuwala sasa, na sisi wajukuu tumemsihi mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja: kinywa chake hakikufunzwa.

Tumwache hapo kwanza, twende ng'ambo, maana kuku wa gamba kavu hakuanzia kwetu. Mwaka 1824, huko Marekani, Mary Randolph wa jimbo la Virginia alitoa kitabu cha upishi ambamo kuku hukatwa vipande, hutiwa unga na chumvi, kisha hukaangwa katika mafuta ya nguruwe. Kitabu kilikuwa cha bibi wa nyumba, lakini katika nyumba nyingi za namna hiyo mikono iliyoshika kikaango ilikuwa ya Waafrika watumwa. Hao walikatazwa mengi, na mara nyingi kuku ndiye mfugo wa pekee walioruhusiwa kuwa nao. Utumwa ulipokwisha baada ya vita vya 1861 hadi 1865, wanawake weusi wa mji wa Gordonsville, katika jimbo hilohilo, walikaanga kuku majumbani mwao, wakapeleka sinia kichwani hata stesheni ya reli, wakawauzia abiria kupitia madirisha ya mabehewa. Baadhi yao walijenga nyumba kwa fedha hizo. Nisomapo habari zao huikumbuka stesheni ya Bungoma, kwenye reli iliyofika Kampala mwaka 1931, na wanawake wote ambao wamesimama kando ya reli zetu na vikapu vya ndizi na mayai.

Biashara kubwa ilikuja baadaye. Harland Sanders aliuza chakula kando ya barabara katika mji wa Corbin, Kentucky, tangu mwaka 1930, na mwaka 1952 mkahawa mmoja wa Utah ulipewa ruhusa ya kuuza kuku kwa mapishi yake. Kampuni iliyotokana naye, Kentucky Fried Chicken, ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2011. Katika Januari 2022 maduka hayo yaliishiwa na chipsi kote nchini, kwa kuwa viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo na meli zilichelewa, hali wakulima wa Kenya walikuwa na viazi shambani. Mama wa Kimilili angecheka. Akikosa kiazi huchemsha ndizi, akikosa ndizi hukata muhogo.

Basi katika likizo ya Desemba watoto wa ndugu zangu walinitaka niwafanyie kuku wa mjini, kule kwa kukhu. Nilikuwa nimenunua majogoo mawili katika soko la Chwele, ambalo sifa yake kwa kuku imeenea mbali. Vitu vinavyotajwa katika vitabu vya mapishi sikuwa navyo. Tulikuwa na maziwa ya mgando, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, unga wa ngano, unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sufuria moja nzito na moto wa kuni. Tazama, msomaji, jinsi historia ilivyokuwa imetupangia meza. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa pwani na Wareno, na katika wilaya ya Trans Nzoia yakafanywa mali kubwa na walowezi, ambao mazao yao yalichukuliwa na tawi la reli lililofika Kitale mwaka 1926. Ngano nayo ni yao. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara ya mji huo yalianza kutolewa kwa wakulima katika miaka ya 1960. Kabla ya hayo, watu wetu walisaga wimbi na mtama, na kuku alichemshwa chunguni.

Jogoo wa kienyeji ametembea sana, na nyama yake ni ngumu. Hawezi kuingia mafutani akiwa mbichi, maana gamba litaungua kabla ya mfupa kupata moto. Sharti achemshwe kwanza. Hapo Kitale hudai subira, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na maji huchemka hapo kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Bungoma, ambayo iko chini zaidi, huongeza nyuzi moja au zaidi. Kwa hiyo usimlaumu jogoo kwa ukaidi. Ni hewa iliyo nyepesi. Mafuta hayana udhuru huo, nayo hufika nyuzi 170 au 180 popote palipo na moto wa kutosha.

Nilichemsha vipande, nikavipoza, nikavilaza katika maziwa ya mgando yenye chumvi na viungo. Uchachu wa maziwa huyafanya yaganda kwenye nyama na kuushika unga. Nilichanganya vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha unga wa mahindi uliochekechwa. Ngano hushikamana, mahindi hukwaruza; kila mmoja peke yake ni pungufu. Kisha nilinyunyiza matone ya maziwa katika unga ili ufanye vibonge vidogo, ambavyo ndivyo vinavyoleta mikunjo ya gamba. Asiye na ngano ajaribu unga wa muhogo, maana una wanga mwingi na hukauka vizuri.

Mara ya kwanza niliharibu. Watoto walinikaza macho, nami nikatia vipande sita kwa pamoja. Mafuta yakapoa, yakanyamaza, unga ukayanywa na kuvuka kama nguo. Mafuta yakiwa moto, maji yaliyo katika unga hugeuka mvuke na kutoka nje kwa nguvu, na mvuke huo huyazuia mafuta yasiingie. Unga hubaki mkavu na kugeuka rangi. Mafuta yakipoa, mvuke hukoma, na mafuta huingia bila kubisha hodi. Haya niliyajua vizuri, nami huyafundisha darasani. Kuyajua hakukunisaidia.

Kukhu alikuwa ameketi penye kuni. Aliuza mandazi miaka mingi katika soko la Kitale, na hiyo ndiyo fedha iliyomsomesha baba yangu. Akasema, bila kuinuka, "Mwalimu, yasikilize." Akavuta ukuni mmoja, akasukuma miwili, akaniamuru nichovye ncha ya mwiko mkavu. Mafuta yalipoanza kuimba kuuzunguka mti, akaitika kwa kichwa. Tangu hapo alinitawala kwa sikio lake. Nilitia vipande viwili viwili, na kila sauti ilipofifia alisukuma ukuni kabla sijatambua. Vilivyoiva tulivilaza juu ya vijiti vya mwanzi vilivyopangwa juu ya karai, ili mvuke upite chini. Ukiviweka bapa katika sahani, vitalowa kwa jasho lao wenyewe.

Sinia ilipojaa niliona jambo ambalo sikulikusudia. Kila kipande kilikuwa kimevaa unga uleule, na paja, mgongo na shingo havikutambulikana kwa urahisi. Hata firigisi mbili nilikuwa nimezipaka na kuzikaanga pamoja na vingine. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu babu afariki, alizungusha macho juu ya sinia kama mtu aliyepotewa na mbuzi sokoni. Mwisho alichukua vipande viwili vidogo, akavitia kinywani kimoja baada ya kingine.

Watoto walipomaliza kugombania mapaja, kukhu alinyosha mkono akachukua kilichokuwa karibu. Hakuna aliyemsihi, nadhani tuliogopa kumtisha. Alilivunja gamba kwa vidole, akalila peke yake kwanza, akitikisa kichwa kidogo. Kisha akala nyama. Kilikuwa kipapatio, naye alikisafisha hata mifupa ikawa myeupe. Akafuta vidole kwa kanga, akatutazama mmoja mmoja.

"Na firigisi," akauliza, "imekwenda wapi?"

Baba mdogo akaacha kutafuna.